Kidude Kilichoulizwa Mno

Nyumbani walimwita Injinia, na kusema kweli jina lilimkaa. Sanduku la kuangulia mayai la shangazi yake alilitengeneza mwenyewe: balbu nne, feni ndogo, na kidude cha kuongoza joto kwa kuwasha na kuzima balbu. Likafanya kazi tangu siku ya kwanza bila matata. Asubuhi ile vifaranga walikuwa wameshaanza kulia ndani ya maganda, na shangazi mtu hakutulia, mara aje atege sikio, mara arudi jikoni akicheka peke yake. Kuku wake wote walikufa kwa ugonjwa wa kideri. Mayai yale ndiyo mbegu pekee iliyobaki.

Sasa we Injinia, kitu kinafanya kazi, si ukiache! Hakukiacha. Alitaka shangazi awe anaona joto kwenye skrini. Akachomeka waya kutoka kwenye kompyuta yake hadi kwenye kidude, akaendesha skripti, programu fupi aliyoiandika ya kukiuliza kidude joto ni kiasi gani. Balbu zikazimika, na skrini ikamwambia: hakuna jibu.

Skripti ilikuwa na kazi moja. Isipojibiwa, ikate mawasiliano, iunganishe upya, iulize tena. Injinia akabadilisha waya. Akabadilisha kasi ya mawasiliano. Wapi! Hakuna jibu.

"Nilete chupa za maji moto tuyazungushie mayai?" shangazi aliuliza.

"Usiguse, shangazi. Dakika moja tu."

Dakika moja ya fundi, tunaijua. Adhuhuri ikaja ikapita. Shangazi alifunika sanduku kwa blanketi, chupa akaziacha jikoni, maana aliyesoma ameshasema. Milio ndani ikapungua. Injinia alikuwa anatapatapa waziwazi, jasho linamtiririka, na kila alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kuipunguzia skripti subira, ili iulize harakaharaka.

Alasiri nguvu zikamwishia. Akachomoa waya, akajishika kichwa. Punde balbu zikawaka.

Lo! Hapo ndipo alipoelewa. Kila mawasiliano yakifunguliwa, kidude kile hujizima na kuanza upya, na kikianza upya hukaa kimya kidogo kupima joto kabla ya kuwasha balbu. Skripti haikukisubiri. Ilikiamsha, ikakikuta kimya, ikakiamsha tena, kutwa nzima.

Shangazi alifunua blanketi, akaweka sikio kwenye yai moja baada ya jingine mpaka yakaisha.

"Halii hata mmoja," alisema. "Hicho kidude kilikuwa na ugonjwa gani, mwanangu?"

"Hakikuwa na ugonjwa. Mimi ndiye nilikuwa nakiuliza kama ni kizima. Kila nikikiuliza, kinajizima."

Shangazi alilirudisha yai la mwisho mahali pake.

"Kwa hiyo tungekaa zetu, tukanywa chai, wangetoka?"

"Wangetoka, shangazi."

Hakumgombeza. Aliketi sakafuni kando ya sanduku, ambalo sasa lilikuwa na joto zuri kabisa.