Oili Nzito ya Shemeji

Nilipofika kwao asubuhi, Shemeji alikuwa ameinama kwenye boneti anamimina oili. Sikuanza na salamu. Nilimwuliza anaongeza oili ya nini tena, wakati mke wake, dada yangu, aliniambia kwamba juzi tu ameongeza.

"Marahaba," alijibu bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, shemeji. Hiyo oili ya nini?"

"Ya gari. Fundi mzima unauliza oili ni ya nini?"

Dada yangu alikuwa ameshaketi kiti cha mbele. Kiti kimesukumwa nyuma hadi mwisho, mguu wake wa kushoto umenyooka ndani ya plasta kuanzia kidoleni hadi juu ya goti, na magongo yake mawili ameyalaza mapajani. Siku hiyo ndiyo alikuwa anakwenda kukatwa plasta. Mimi niliitwa ili nisaidie kumbeba tukifika hospitali, lakini aliniita pia nisikilize injini ile, bila mwenye gari kujua kwamba nimeitwa kuisikiliza.

Ilikuwa pikapu ya milango minne, ya dizeli, yenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa. Shemeji anauza mbao na gari lile ndilo miguu yake. Kwa miezi kadhaa lilikuwa linakula oili. Linatoa moshi wa bluu asubuhi, na bomba la moshi linalowa weusi wa kunata. Badala ya kuja gereji kwangu, alikwenda duka la spea, na muuzaji akamwambia atie oili nzito, itakaa.

Nilichomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili iko chini ya alama ya chini, na ametoka kumimina sasa hivi. Nikatazama gari lilivyokaa. Lango la kwao liko kwenye mteremko, na yeye huegesha pua ikitazama juu.

"Shemeji, hapa ni mlimani. Oili yote imelala nyuma, kijiti kiko mbele. Sogeza gari mahali tambarare tupime upya."

"Nimepimia hapa tangu nilinunue."

"Basi umekosea tangu ulinunue."

Ndani ya gari Dada akakohoa. Kikohozi kile nakijua tangu utotoni, maana yake ni nyamaza. Nilimheshimu kwa kupunguza sauti, lakini sikunyamaza. Niliokota kopo alilomaliza. 20W-50.

"Na hii si oili ya turbo. Mhimili wa turbo unazunguka juu ya utando wa oili, utando mwembamba kuliko unywele. Asubuhi injini ikiwa baridi, oili nzito kama hii inachelewa kufika. Inafika mhimili umeshasagana na chuma. Ukisagana, oili inapita pembeni inaingia kwenye hewa ya injini. Wewe unaona gari linakula oili, unatia nzito zaidi, linakula zaidi."

"Na nyepesi inaisha. Nimejaribu."

"Inaisha kwa sababu pana mahali inapovujia. Niache nifungue nione. Halafu tutatia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari."

Alifunga boneti kwa kishindo. "Kila fundi akiliona gari langu anataka kulifungua. Sijamwona hata mmoja anayetaka kulifunga. Ingia, tunachelewa."

Niliingia nyuma, nikakaa katikati, kichwa changu kikiwa kati ya viti vyao viwili. Nilijiambia kwamba baya kuliko yote ni turbo kulia na kufa njiani, tukavutwa na kamba hadi gereji, na Shemeji akakosa usemi kwa mwezi mzima. Wala hilo lisingekuwa jambo baya sana.

Lakini tulipotoka kwenye barabara ya mtaa na kushika lami, nikaanza kusikia harufu. Haikuwa ya moshi. Ilikuwa harufu ya oili inayopigwapigwa, kama mtu anakaanga kitu kwa oili chafu chini ya miguu yetu. Nikapiga hesabu. Ikiwa kila mara aliongeza akipimia pale mlimani, basi injini imejaa kupita kiasi. Ikijaa, vyuma vinavyozunguka mle chini vinaigonga oili na kuifanya povu, na povu linapanda kwenye mpira ambao injini inapumulia na kuingia njia ya hewa. Na dizeli haichagui. Chochote kinachowaka ikikivuta, inakichoma.

"Shemeji, pale kituo cha mafuta pana sakafu bapa. Simama nipime tu. Nikikuta iko sawa, sisemi neno mpaka turudi."

"Hilo peke yake lingenifanya nisimame," alisema, na akapita.

"Baba watoto, si tusimame tu kidogo?" Dada alisema.

"Daktari anakungoja."

"Daktari gani aliwahi kumngoja mtu?"

Mbele yetu kilianza kilima kirefu kabla ya hospitali. Nyuma yetu lilikuwa lori la mchanga, limeshiba, likinguruma. Shemeji hapendi kuwa mbele ya lori kilimani. Akarudisha gia ya tatu, akakanyaga mafuta.

Gari likavuta vizuri. Likavuta vizuri mno. Sauti ikapanda, na ilipofika pale ambapo mtu angebadilisha gia, ikaendelea kupanda.

"Punguza," nilisema.

"Napunguza."

"Toa mguu, Shemeji."

"Nimetoa."

Nikachungulia. Kweli ametoa. Kiatu chake cha kulia kilikuwa hewani, na injini inapaa yenyewe.

Akafanya ambacho kila mtu angekifanya: akakanyaga klachi. Na hapo injini, iliyokuwa imebebeshwa gari zima, ikatuliwa mzigo. Ikapiga yowe. Sijawahi kusikia chuma kikilia hivyo na bado kikawa kipande kimoja. Shemeji akasimama juu ya breki, gari likasimama katikati ya kilima, na moshi mweupe ukatufunika pande zote hadi sikuona tena mwisho wa boneti. Nyuma yetu lori lilipiga honi, ndefu, ikikaribia.

Akazungusha ufunguo akazima. Taa za dashibodi zikazimika. Injini haikuzimika.

"Haizimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimezima, haizimi."

"Inachoma oili yake yenyewe. Ufunguo unakata dizeli tu." Niliona vidole vyake vinauvuta ufunguo utoke. Nikamshika mkono. "Usiuchomoe, usukani utafunga. Tia gia ya tano. Breki kanyaga kwa nguvu zote, klachi iachie ghafla. Uzito wa gari lenyewe utaizima."

"Itavunjika!"

"Ikiachwa hivi itapasuka, na miguu ya Dada iko jirani nayo!"

Mlango wangu ulikuwa karibu. Ningeweza kushuka. Yeye angeweza kushuka. Dada asingeweza. Kumtoa na plasta ile kulihitaji watu wawili na uvumilivu, na asubuhi, alivyoniambia, aliingizwa kwa kuzungushwa kama kabati. Alilijua hilo kabla yangu. Nilimwona anatazama mguu wake, kisha anamtazama mume wake, na mume wake anatazama dashibodi iliyozimika kama mtu anayengoja imsemeshe.

"Gia ya tano ni ipi?" Dada aliuliza.

"Kulia kwako, kisha juu."

Akaishika gia kwa mikono miwili akaisukuma. Ikaingia. Mguu wa Shemeji ulikuwa bado umeganda juu ya klachi, goti limekaza kama ubao.

"Achia," Dada alimwambia.

Hakuachia. Dada akainua gongo, akamchapa nalo ugokoni.

Mguu uliruka. Gari likajikunja mbele, likatikisika kama limegonga ukuta, paji langu likagonga kiti, na yowe likakatika katikati. Pakawa kimya. Nilisikia vitu vikidondoka chini ya gari, tone, tone, na Shemeji anapumua kwa mdomo.

Dereva wa lori alitokea kwenye moshi anapunga mkono mbele ya uso. Lori lake lilikuwa limesimama nyuma yetu, nafasi ya mtu kupita ubavu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mnachoma nini humo?"

"Oili," nilisema.

"Na aliyekuwa analia ni nani?"

Akarudi kwenye lori lake, akapinda usukani, akatupita polepole.

Shemeji alijipapasa ugoko. Kisha mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Imeshatulia," alisema. "Nawasha taratibu, tunafika pale juu tu."

"Njia ya hewa imejaa oili. Safari hii huenda isizimike kabisa."

"Pale juu tu, shemeji. Hospitali ile pale."

"Nishusheni," Dada alisema.

"Mama watoto..."

"Nishusheni kwanza. Halafu uwashe. Uwashe ukiwa peke yako."

Tulimshusha. Ilichukua muda, na yeye hakusaidia hata kidogo. Tukamkalisha kwenye ukingo wa mtaro, mguu mweupe umenyooka juu ya majani, magongo kando. Shemeji akabaki amesimama mlangoni mwa gari.

"Basi tushuke nalo kinyumenyume, bila kuwasha, mpaka kwenye tambarare."

"Shuka nalo," Dada alisema. "Mimi nipo na mdogo wangu."

"Na hospitali je? Plasta?"

"Itakaa. Nimeshaizoea." Akakunja mikono. "Ulipita pale kituoni, huyu akikuomba kwa adabu. Nikakuomba na mimi. Sasa sikuombi. Sipandi gari hilo mpaka huyu alifungue, na hata akilifungua, wewe huliendeshi nikiwa ndani mpaka yeye aseme."

Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha, maana mtu akifoka unaweza kusubiri amalize.

Pikapu ilisogea nyuma kidogo. Hendibreki yake ilikuwa haishiki vizuri, nayo ningeweza kumwambia zamani kama angewahi kuuliza. Nikaruka kwenye kiti cha dereva nikakanyaga breki, ngumu kama jiwe kwa kuwa injini imekufa. Ilishika, lakini kwa mguu wangu wote.

Shemeji alinitazama nikiwa kwenye kiti chake. Kisha akavuka mtaro, akainama kwenye majani na shati lake la kwendea hospitali, akaanza kung'oa jiwe. Lilikuwa kubwa. Akalikumbatia kifuani, udongo ukimmwagikia hadi mkandani, akaja nalo mpaka dirishani.

"Niliweke wapi?" aliniuliza.

Dada alikuwa anamtazama.

"Nyuma ya tairi la nyuma, upande huu," nilisema. "Kisha ulete la pili."