Mguu wa Kulia wa Loris Bardella

Mikono ya Oreste ilisimama juu ya kigimbi cha mguu wa kulia na haikuendelea.

Loris Bardella alikuwa amelala kifudifudi, shavu juu ya taulo, macho ameyafumba. Alisubiri. Tangu arudi kuichezea timu ya mji wao, misimu miwili sasa, hajawahi kumwona mzee huyu akisimama katikati ya kazi. Oreste alichua misuli ya wachezaji kama mwanamke anayekanda unga wa tambi, kwa uzito wa mwili mzima, huku akiimba puani na kulalamikia sigara zilizopanda bei. Sasa haimbi.

"Inacheza," alisema Oreste.

"Nini?"

"Nyama yako. Nimeuachia mguu, umelala zake, lakini humo ndani kuna kitu kinatembea."

"Uchovu tu, mzee. Nina miaka thelathini na mitano."

"Imeanza lini?"

"Juzijuzi."

Haikuwa juzijuzi. Ilianza Februari, kwenye mazoezi, ncha ya kiatu ilipokwaruza nyasi mara tatu kwa siku moja. Machi kandambili ikaanza kumtoka mguuni bila yeye kujua. Aprili mkewe Mirella, akiwa jikoni anapika wali, alimsikia anapanda ngazi akasema bila kugeuka, "Siku hizi ukipanda ngazi nasikia watu wawili." Alicheka. Loris naye alicheka, na tangu siku hiyo akawa anapanda akiwa amevua viatu.

Oreste alizunguka kitanda akaja kuinama mbele ya uso wake.

"Mwanangu, mikono hii imewahi kugusa nyama inayocheza hivi mara moja tu."

"Nyamaza, mzee."

"Sijamtaja mtu."

Hakuhitaji kumtaja. Tarcisio Zanella alikuwa kiungo wa timu hiyohiyo, Loris alipokuwa ndiyo kwanza ana miaka kumi na minane. Tarcisio alikuwa na mapafu ya farasi. Kisha vidole vikaanza kumgomea kwenye vifungo vya shati. Ikaja fimbo, ikaja kiti cha magurudumu, na mwisho akawa anaongea kwa kope za macho, mkewe akihesabu herufi moja moja ubaoni. Alikufa hajafika arobaini. Loris alikuwa mmoja wa sita waliobeba jeneza, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba walipotezana hatua. Katika vyumba vya kubadilishia nguo vya bonde zima la mto Po hakuna aliyeutaja ugonjwa ule kwa jina lake. Walisema "kile cha Tarcisio", kisha kila mtu anatafuta chuma cha karibu akiguse kuondoa mkosi, makabati, vitasa, hata funguo za gari mfukoni.

"Nitamwambia daktari," alisema Oreste.

"Utamwambia Jumatatu. Jumapili tuna mechi."

Oreste alipaka mafuta upya viganjani na kuuendea mguu wa kushoto.

Mechi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki ya msimu. Atakayeshinda anabaki daraja la tatu. Atakayeshindwa anashuka kwa timu za ridhaa, wanakocheza maseremala na madereva wa malori. Wageni walimaliza juu yao kwenye msimamo, kwa hiyo sare ingewatosha wageni. Kiwanda cha sukari alichofanya kazi baba yake Loris kilifungwa miaka minne nyuma, na bomba lake la moshi lilikuwa bado limesimama bila moshi. Timu ndiyo ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mji huo ulikuwa nacho cha kubishania Jumatatu asubuhi kwenye kahawa. Kati ya mabao ishirini na tisa ya msimu, kumi na manne alifunga Loris. Kocha hakuwa na mshambuliaji mwingine wa kweli.

Naye Loris, miaka kumi na saba hakuwa na kazi nyingine. Timu nane. Miji aliyoishi miezi kumi na kuondoka bila kujua jina la jirani. Msimu mmoja tu aliguswa na ligi kuu: mechi sita, akiingia dakika za mwisho, na bao moja la kichwa kwenye mvua, mbele ya watu elfu arobaini waliokuwa tayari wanaelekea kwenye magari yao. Mengine yote aliyafunga kwenye viwanja vyenye ukuta upande mmoja na shamba la mahindi upande wa pili, karibu yote kwa mguu wa kulia. Baba yake alikata kila mstari wa gazeti wenye jina lake na kuubandika daftarini. Hadi anafariki, madaftari yalikuwa matatu.

Jumapili saa nane mchana joto lilikuwa limekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Pamba ya mbegu za miti ya mipopla ilielea hewani, ikaingia puani, ikajikusanya kwenye kona za uwanja kama theluji chafu. Ndani, wenzake walipokuwa wakipiga kelele na kupigana mabega, Loris alimwita Oreste kwenye choo na kufunga mlango.

"Nifunge plasta. Uvute vidole viangalie juu. Visishuke."

"Loris."

"Vuta, mzee."

Oreste alipiga magoti kwenye vigae. Alizungusha plasta chini ya wayo, akaipandisha mbele ya kifundo, akavuta, akazungusha tena. Alikuwa amefunga maelfu ya miguu katika maisha yake, lakini kila mara alifunga kuzuia kifundo kisigeuke. Leo alikuwa anafunga kuzuia mguu usilale. Alipomaliza, hakuinuka mara moja.

"Itashika dakika ngapi?" Loris aliuliza.

"Kwa joto hili? Hadi jasho litakapoamua."

Beki aliyepewa kumkaba alikuwa Donato Scardigno, mtu wa kusini, miaka thelathini na sita, pua iliyovunjwa mara mbili. Mara moja kati ya hizo ilivunjwa na kiwiko cha Loris. Walikuwa wakikutana tangu ujana, katika timu hii na ile, na kati yao kulikuwa na urafiki wa watu ambao hawajawahi kula pamoja ila wanajua harufu ya jasho la kila mmoja.

"Babu, bado hujazikwa?" Donato alisema, akimwegemea mgongoni wakisubiri kona ya kwanza.

"Nakusubiri wewe utangulie."

"Usinikimbize sana leo. Mgongo umekataa."

"Na mimi mguu."

"Wewe kila mwaka mguu."

Plasta ilishika. Kipindi cha kwanza chote ilishika, na Loris alijifunza kukimbia upya, akiuinua mguu kutoka kwenye nyonga kama mtu anayetembea kwenye matope. Aligonga mwamba mara moja. Aliteremka kupokea mipira, akawapa wenzake, akajizuia kupiga kwa kulia. Kutoka jukwaani walimwimbia jina. Baada ya mapumziko alianza kuhisi unyevu ndani ya soksi. Dakika ya sabini plasta ilikuwa imelegea. Dakika ya themanini alitazama chini akaona ncha yake imetoka juu ya soksi, imekunjamana, imejaa pamba ya mipopla.

Dakika ya themanini na sita, bado sufuri kwa sufuri, mpira mrefu ulipigwa kutoka katikati. Loris alifanya alichokifanya maisha yake yote: alimpa Donato bega la kushoto, akageukia kulia, na beki akabaki nyuma nusu hatua. Mbele yake alikuwa kipa peke yake. Mpira ulidunda mara moja, ukatulia mahali pake. Loris aliuambia mguu wake wa kulia uinuke.

Haukuinuka. Vidole vilichimba ardhi, akaenda chini kifua na kidevu, mdomo ukajaa majani.

Filimbi ikalia. Alidhani ni mwisho wa mechi. Alidhani mambo mengi. Alipoinua kichwa alimwona mwamuzi amenyoosha mkono kwenye doa jeupe la penalti, na mkono wa pili unatoa kadi nyekundu.

Donato alikuwa amepiga magoti. "Sikumgusa," alikuwa akisema, siyo kwa hasira, kwa mshangao. "Naapa kwa wanangu, sikumgusa." Kisha akageuka. "Loris. Mwambie."

Mwamuzi naye aligeuka. Uwanja mzima ulikuwa unaunguruma, lakini kati ya watu wale watatu palikuwa na ukimya, na ukimya huo ulikuwa wa Loris kuujaza. Alifungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu, na alitaka kulisema. Lakini aliona mara moja swali ambalo lingefuata: kama hakukugusa, kilichokuangusha ni nini? Na hilo swali lingeulizwa na mwamuzi, na kocha, na magazeti, na Mirella.

Alifunga mdomo. Akatema majani.

Donato alimwangalia kidogo zaidi, akasimama, akatoka.

Loris aliuweka mpira mwenyewe. Kipa wa wageni alimjua. Kila kipa wa daraja la tatu alijua kwamba Bardella anapiga kwa kulia, chini, pembeni. Loris alirudi nyuma hatua nne, lakini akasimama upande usio wake. Minong'ono ikapita jukwaani. Alikimbia, akapiga kwa kushoto, vibaya, mpira ukamparuza kwenye kifundo. Kipa alikuwa ameshalala upande mwingine. Mpira ulijikokota peke yake na kuvuka mstari taratibu, kama mtu aliyechelewa anavyoingia kanisani.

Watu wazima walilia. Kocha alimbusu kichwani. Mwandishi wa gazeti la mkoa alimshika mkono na kumuuliza kwa nini kushoto, na Loris akasema alitaka kumchanganya kipa. Wote waliozunguka walicheka kwa furaha. Mwandishi aliandika: ujanja wa mzee. Oreste hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya nguo zilizotundikwa, akizungusha mabaki ya plasta mkononi hadi yakawa kidonge.

Donato alimsubiri kwenye korido ndefu inayotokea kwenye maegesho. Nywele zake zilikuwa mbichi, begi begani. Loris alikuwa amevaa sandali kwa sababu kiatu kilikuwa kinamshinda kukivaa.

"Watanifungia mechi tatu," alisema Donato. "Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nani atamchukua beki wa miaka thelathini na sita aliyefungiwa, kutoka timu iliyoshuka?"

"Najua."

"Sitaki pole yako. Nataka useme tu. Hapa, sisi wawili. Sikukugusa."

"Hukunigusa."

Donato alivuta pumzi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo, kisha uso wake ukabadilika polepole, kwa sababu alikuwa beki na miaka ishirini kazi yake ilikuwa kutazama miguu ya wengine.

"Ulijitupa?"

"Sikujitupa."

Aliangalia sandali. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekeza vidole chini, umelegea, kama kitu kilichoanikwa. Juu ya kifundo, kwenye kigimbi kitupu, ngozi iliruka. Ikatulia. Ikaruka tena.

Donato naye alikuwa kwenye mazishi ya Tarcisio. Nusu ya wachezaji wa kaskazini walikuwapo. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mlango wa chuma ukabaki pale.

"Mkeo anajua?"

"Anasikia," alisema Loris. "Hajajua bado anasikia nini."

Mtu alipita na kreti ya chupa, akampongeza Loris, akapotea. Walisubiri apite.

"Waandishi wako hapo nje," alisema Donato. "Nitawaambia nilikugusa."

"Usifanye hivyo. Jina lako ndilo pekee ulilobaki nalo."

"Na wewe utawaambia nini? Eh? Utawaambia nini leo, watu wanavyofurahi hivi?" Alilipandisha begi begani. "Jumatatu nenda kwa daktari. Usiende peke yako, mjinga wewe. Nenda na mkeo."

Alisukuma mlango. Mwanga wa jua ukaingia kwenye korido, na kelele, na maikrofoni nne zikanyooshwa. Loris alibaki kivulini, amejiegemeza ukutani. Alimsikia akiulizwa. Alisikia sauti ile ya kusini, kavu, isiyoharakisha.

"Nilimgusa. Kidogo sana. Lakini nilimgusa."

Saa moja jioni jua lilikuwa bado halijazama. Loris aliendesha peke yake, madirisha wazi, katikati ya magari yaliyobeba bendera na wanawake waliokalia madirisha ya magari na kupiga masufuria kwa miiko. Walimjua. Walilipiga paa la gari kwa viganja, wakamrushia mabusu. Mzee mmoja, aliyefanya kazi na baba yake kiwandani, aliingiza kichwa dirishani, akamshika shavu, akaondoka anafuta macho.

Kwenye njia panda taa ilikuwa nyekundu. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya breki. Taa ikawa kijani, na gari la mbele likaondoka, barabara ikawa nyeupe na tupu hadi kwenye bomba la kiwanda. Nyuma yake wakaanza kupiga honi. Honi moja, kisha tatu, kisha zote, ndefu, za furaha.

Loris aliinama, akashika kitambaa cha suruali yake juu ya goti, na kuanza kuuinua mguu kwa mkono.