Hapa Hatuitani

Nimetembea sana. Nimevuka Usambara kwa miguu, nimelala Uluguru kwenye baridi inayong'ata masikio, na nimepita kwingine ambako hata jina silikumbuki. Watu wakiniuliza ni wapi niliogopa zaidi, hungoja niwatajie simba. Mimi huwatajia Pemba, kilima kimoja kati ya Gando na Mgogoni, ambacho siku ya jua mtu hukipanda na mkungu wa ndizi kichwani huku akipiga mluzi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Hitler. Nilikuwa nimemuoa Kazija wa Gando, na fungate yetu imekwisha. Mimi ni mtoto wa Jadida, pale Wete, wazee wangu asili yao bara. Kwetu maharusi wakishatoka ndani huenda kuwaamkia wakubwa ambao hawakuweza kufika harusini. Bibi yake Kazija, Bi Mwanawema, ndiye aliyemlea, naye alikuwa Mgogoni, miguu imemvimba, haendi hata uani. Basi ilikuwa juu yetu kumwendea.

Mvua za masika zilikuwa zimeshika. Mama mkwe alitazama mbingu akasema tungoje. Kazija akajibu, "Mama, Bibi yuko mlangoni toka jana ananingojea mie." Nami nilikuwa na mwavuli mpya, nimeununua duka la Devji kwa ajili ya harusi, na sikuwa nimepata pa kuuonyesha. Tukatoka baada ya chai.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Manyunyu, njia ya mikarafuu, harufu ya majani mabichi. Kazija kajitanda kanga, viatu kavishika mkononi, ananifuata nyuma. Tulikuwa bado tunaoneana haya. Tukiwa ndani tumezoeana, lakini nje, mchana, mbele ya miti na ng'ombe wa watu, kila mmoja alikuwa hajui aweke wapi mikono.

Bonde la kwanza tulimkuta Bwana Hamad, mkulima wa mpunga, kajikunyata katika kibanda chake cha kulindia ndege.

"Bwana harusi!" akapiga kelele. "Mara hii ushamchoka, unamrudisha kwao?"

"Nampeleka akaoshwe na mvua, Bwana Hamad."

"Ataoshwa mpaka atakate, na weye pia. Huo mwavuli ni wako au wa Sultani?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikilizeni. Mto wa bonde la mbele umekuja juu. Jana umechukua ndama. Msivuke kule chini, piteni kilimani, mzunguke."

Tukamshukuru, tukashika njia ya kilimani.

Udongo wa pale ni mwekundu, na ukilowa huteleza kama bamia iliyochemka. Tulipanda kwa kushika mashina ya mikarafuu. Mvua ikawa inazidi, na wingu likashuka hata vilele vya minazi havionekani. Karibu na juu pana mti mkubwa, sijui wa aina gani, umefungwa vipande vya nguo nyeupe na nyekundu, na chini yake chetezo cha ubani kilichovunjika. Mzimu wa watu wa kule. Kazija akanishika mkono, mara ya kwanza njiani.

"Hapa hatuitani," akasema kwa sauti ya chini.

"Hatuitani vipi?"

"Kwa jina. Bibi kanifunza toka mdogo. Ukisikia jina lako kilima hiki, usiitike wala usigeuke. Nenda zako upesi, uiache hiyo sauti nyuma. Mtu wa kweli hakuiti hapa. Hukufuata akakugusa."

"Na nikipotea?"

"Usipotee."

"Mie sina hofu," nikamwambia. "Jina langu hulitaji hata nyumbani, sembuse huku."

Akacheka ndani ya kanga. Mke wa siku zile hakumtaja mumewe jina. Aliniita "Bwana", au hakuniita kabisa, alikohoa tu nikageuka. Nami kwetu Jadida mambo ya mizimu tuliyasikia, lakini hayakutukaa mifupani kama yalivyowakaa watu wa shamba.

Tulipoupita mti, Kazija akasimama. Akatazama chini. Nilielewa. Alitaka kujitenga kidogo kwa haja, na kulisema neno lenyewe alikuwa haliwezi.

"Mie natangulia," nikasema. "Nipo hapo mbele." Nikampa mwavuli, nikaenda mpaka pale njia inapopinda, nikampa mgongo. Ndivyo mtu mwenye adabu afanyavyo.

Hapo mvua ikamwagika. Sijawahi kuiona mvua ya namna ile, na nimeona mvua. Ukinyoosha mkono, vidole huvioni. Nikajibanza kwenye mkarafuu. Kisha nikasikia kitu kama mtu anapasua kitambaa kipana, taratibu, na baada yake kishindo kizito chini ya ardhi, hata mti niliouegemea ukatikisika. Nikangoja. Kazija hakutokea.

Nikarudi. Hatua chache tu, na njia tuliyokuja nayo haikuwapo. Ubavu wa kilima ulikuwa umemeguka. Mikarafuu imelala kichwa chini, mizizi juu, na udongo mwekundu unaendelea kumiminika kwenda bondeni kama uji unaofurika.

Mambo mengine mtu hafikiri. Nikapiga ukelele, "Kazija! Kazija!"

Kimya. Mvua tu.

Nikashuka kwa matako, nikichimbua udongo kwa mikono, nikiita. Kila rundo nililiona ni yeye. Niliushika mzizi nikadhani mkono wake, moyo ukanipasuka. Nikaita mpaka koo likauma. Mara nikauona mwavuli wa Devji, umepinduka, mbavu nje, umenasa kwenye kichaka pembeni ya maporomoko. Nikasema basi, yumo humu chini, nami nitakwenda kumwambia nini mama yake?

Nilipojikokota mpaka kwenye kile kichaka, nikaona nyayo.

Zilikuwa ndogo, za mguu mtupu, zimezama katika udongo mzima ambao haukumeguka. Za Kazija. Alikuwa hai! Nikaita tena kwa furaha, nikazifuata. Nyayo zilikwenda kwa mwendo wa kawaida, kisha zikaanza kuachana. Vidole vimezama, visigino havionekani. Mtu aliyekuwa akikimbia. Na hazikuwa zikija niliko. Zilinipa mgongo, zikateremka kuelekea bondeni, kule kwenye mto uliochukua ndama.

Nikasimama palepale, mdomo wazi, mvua inaingia.

Kazija alikuwa amenisikia. Tangu ukelele wa kwanza alikuwa amenisikia, na alikuwa akifanya alivyofunzwa na bibi yake. Yeye alijua mumewe kaambiwa kuwa hapa hatuitani. Kwa hiyo kinachoita hakiwezi kuwa mumewe. Na kila nilipoita ndipo alipozidi kukimbia, na mbele yake hapakuwa na kitu ila maji.

Nikafunga mdomo. Na hapo ndipo niliposhikwa na hofu yenyewe, kwani nilisikia mto. Sikuuona, lakini niliusikia, unasaga mawe. Niite, nimsukume ndani. Ninyamaze, niteremke kimyakimya, anione natokeza ghafla kwenye wingu, nimepakaa udongo mwekundu tangu nywele mpaka kucha. Je, mtu kama huyo mke wangu angemwona nani? Hata mimi ningemkimbia.

Sina elimu kubwa. Chuo cha Kurani kwa mwalimu wetu pale Jadida nilikaa kwa vipande vipande, mwezi nipo, mwezi nimetoroka. Lakini jambo moja alilolisema lilinijia pale, kwamba shetani akisikia adhana hukimbia mpaka asiisikie tena. Kazija naye alisoma, tena alihitimu. Basi kiumbe kinachoadhini hakiwezi kuwa hicho anachokiogopa.

Haikuwa saa ya swala yoyote. Nilitia vidole masikioni, nikaelekea nilikodhani ndiko kibla, nikatoa sauti.

"Allahu akbar, Allahu akbar!"

Sauti yangu ilikuwa mbovu, imekauka kwa kuita, na kwa kutetemeka ilikatika katikati kama ya jogoo mchanga. Nikatulia. Mvua. Mto. Kisha, kutoka chini kabisa, sauti nyembamba ikarudi:

"Allahu akbar, Allahu akbar."

Nywele zikanisimama. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Kwani nani aliyenijibu? Kule juu nilikuwa mtu wa Jadida asiyejali mizimu, lakini sasa nilikuwa peke yangu kwenye kilima chao, naita upepo, na kitu kwenye wingu kinayarudisha maneno yangu vilevile. Mwangwi hurudisha vilevile. Na si mwangwi tu.

Nikaendelea, nikishuka hatua moja kila baada ya maneno, nashika mizizi. Nikasoma shahada, ikarudi shahada. Nikafika pa kuita watu waje kwenye swala, "Hayya ala s-salah!" nikasikiliza.

"La haula wala quwwata illa billah," ikajibu ile sauti.

Nikalia, wallahi, nikalia kwa sauti. Hapo ndipo msikilizaji hatakiwi kurudisha maneno ya mwadhini, hutakiwa kusema hayo mengine. Mwangwi haujui hilo. Huyo alikuwa mtu aliyekaa chuoni akachapwa mpaka akajua.

Adhana ilipokwisha sikuwa nimefika, nikaianza upya. Nilikuwa siwezi kunyamaza, kwa sababu majibu yake ndiyo yaliyokuwa njia yangu. Nikateleza, nikaanguka, nikaadhini nimelala chali. Mpaka wingu likafunguka kidogo mbele yangu nikamwona.

Alikuwa kasimama juu ya gogo la mnazi lililokwama ukingoni, upande mmoja liko nchi kavu, upande wa pili limo ndani ya mto. Alikuwa upande wa mto. Maji ya kahawia yalipita juu ya vifundo vyake. Gogo lilikuwa linapumua, linainuka na kushuka.

"Njoo!" nikamnyooshea mkono. "Njoo taratibu, mimi hapa."

Hakuja. Alinitazama kwa macho ambayo sijapata kuyaona kwake tena, wala siombi.

"Majini wengine Waislamu," akasema. "Wanaswali. Wanaadhini."

"Ni mie, mume wako!"

"Mume wangu haadhini."

Kweli, hakuwa amepata kunisikia. "Leo nimeadhini! Hukusikia ilivyokuwa mbaya? Jini gani atasoma vibaya vile?"

Nadhani mdomo wake ulicheza kidogo. Lakini mkono hakutoa. Maji yakapanda, kanga yake ikaanza kuvutwa.

"Nionyeshe miguu," akasema.

Jini hujigeuza mtu kila mahali isipokuwa miguuni, miguuni hubaki na kwato. Hilo hata sisi wa mjini tulilijua. Nikaitazama miguu yangu. Ilikuwa magogo mawili ya udongo mwekundu tangu magotini, hakuna kidole wala kisigino, ukiniambia ni kwato za punda nisingebisha. Nikaingiza mguu mmoja mtoni. Maji yakaukamata, yakanivuta hata nikakaa chini kwa nguvu, nikashika tawi, nikausugua mguu kwa mkono mmoja nikiwa nalia na kusoma kila nilichokijua. Gogo likatoa mlio. Nikauinua mguu juu, mbele yake, nikavichanua vidole.

Akavitazama. Alivitazama kimoja kimoja, naapa, kama anayechagua samaki.

"Na wa pili," akasema.

"Kazi..." Nikajizuia, jina nikalimeza. "Mke wangu, kwa haki ya Mungu, gogo linaondoka!"

"Na wa pili."

Nikauosha wa pili. Sijui nilivyouosha. Nikauinua, na kabla sijavichanua vidole yeye alikuwa ameshatoka, anakuja juu ya gogo kwa magoti, mikono mbele. Nikamkamata vifundo vya mikono nikajitupa nyuma. Gogo likazunguka chini yake, likageuza ncha, likaenda na kanga yake. Halikufanya kishindo chochote. Lilikuwapo, halafu halikuwapo.

Tukajivuta mpaka chini ya mshelisheli tukakaa. Meno yanagongana. Nikamvisha shati langu. Ndipo nikamwuliza kwa nini alipita pale, kwa nini hakukaa juu aningoje.

"Nilikungoja," akasema. "Ardhi ikakatika baina yetu, nikataka kuzunguka nikufuate. Hiyo sauti ikaanza kuniita. Nikienda kushoto inaita, nikienda kulia inaita, tena inalia. Nikasema huyu keshakula mume wangu, sasa ananitaka mie kwa sauti ya mume wangu."

"Na pale kwenye gogo ulikuwa unataka kuvuka?"

Alikuwa anaufuta udongo kwenye mkono wangu kwa kidole, kipande kwa kipande, kuona ngozi.

"Ungeniita mara moja tu zaidi," akasema, "ningeruka."

Nilitazama mto. Nikakumbuka furaha niliyokuwa nayo pale kwenye kichaka nilipoziona nyayo, na jinsi jina lake lilivyokuwa limejaa kinywani. Kazija akaushika mkono wangu kwa yake yote miwili.

Mvua ilipopungua nikasimama, nikasema turudi Gando. Kazija akatikisa kichwa. Bibi alikuwa mlangoni anangoja.

"Tangulia," akaniambia. "Mbele yangu, karibu, nikuone. Na usinyamaze."

Nikatangulia. Nikasoma kila kitu nilichokikumbuka, na vilipokwisha nikavirudia, na nyuma yangu akawa anaitika, mpaka tukaona moshi wa Mgogoni.