Zizi Lisilo na Idadi

"Sema basi ni wangapi, kama mimi ndiye mwongo," Mzee Chiduo alinikatiza, ameshika nguzo ya zizi langu utadhani anataka kuing'oa. Nikamwambia asinifundishe ukweli, maana bwana mifugo alipompigia simu yeye, alijibu ana "wachache tu". Akasema na mimi nilijibu "wanne", ilhali kwato zilizojaa zizini kwangu hata mpita njia anaziona.

Kitongoji kizima tulidanganya. Kwetu ng'ombe hatajwi idadi. Ukiitaja, kijicho kinamfuata. Lakini chupa ya chanjo ya homa ya mapafu ni ya ng'ombe mia, na ikishachanganywa haingoji kesho. Bwana mifugo alijumlisha vijinamba vyetu, thelathini haikufika, akaipeleka chupa kitongoji kingine, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Sasa zizi kwa zizi wanakohoa. Asubuhi ile nilikuwa nimemfukia Madoa, ambaye maziwa yake yamelea watoto wangu watatu. Mzee alipoondoka nikaegemea ukuta penye kivuli, machozi hayajakauka, usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea katika nchi ya vumbi jeupe, haina jogoo wala moshi wa jikoni, hata mtu wa kusalimiana naye hakuna, nami mahali pa namna hiyo napata homa. Kila upande mazizi, na ndani yake kikohozi tupu, ng'ombe hawaonekani. Akanijia mwanamke mrefu, amejifunga kaniki, vidole vyake vikicheza kama vya mtu anayechambua mchele. "Naitwa Hesabu," akasema. "Kwenu mnanifukuza langoni. Nifuate, umwone mnayemkaribisha badala yangu."

Kwenye lango la kwanza alisimama binti aitwaye Tiba, boksi la barafu kichwani, maji yakimchuruzika mabegani, akiuliza kwa sauti iliyokauka: wangapi? Langoni alikaa Siri, mwanamume mnene aliyejishona midomo kwa kamba ya katani, akatikisa kichwa. Tiba akaenda lango la pili, na la tatu. Kila lango Siri yuleyule, na kila hatua barafu inapungua. Nikamkimbilia nimjibu mimi, ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Nikamnong'oneza Hesabu: je, Kijicho akisikia?

Akanionyesha kando ya njia kizee kilichokunjamana, macho yametanda ukungu, kinapapasa ardhi. "Huyo ndiye mnayemwogopa," akasema taratibu. "Tangu azaliwe hajaona ng'ombe hata mmoja. Anayewala ni yule mliyemweka langoni." Nilipogeuka, kamba ilikuwa imekatika, na ndani ya kinywa cha Siri nikaziona pembe za Madoa. Tiba akaketi chini, akapindua boksi. Maji yakamwagika, vumbi likayanywa.

Nikaamshwa na kikohozi, safari hii cha kweli. Mtamba wangu alikuwa amenyoosha shingo, povu puani, na huyo nilijua chanjo haimfai tena. Nyuma yake wengine walikuwa wakicheua. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria ndoto. Nikaenda kwa Mzee Chiduo, khanga inaburuta, nikawakuta wamezunguka ugali na mlenda. Nikasimama mlangoni, mbele ya watoto na wakwe.

"Walikuwa kumi na wawili," nikasema. "Mmoja nimemfukia, mmoja anakufa. Wazima ni kumi."

Mke wake akainamisha macho kana kwamba nimevua nguo. Mzee akalirudisha tonge lake kwenye sinia.

"Thelathini na saba," akasema.

Mia ilikuwa mbali. Nyumba sita hazijasema, na bwana mifugo, tuliyemdanganya mara moja, huenda asipokee hata simu. Mke wa Mzee akasogea kwenye mkeka, akanivutia chombo cha maji.

"Nawa, jirani, ingia ule," akasema. "Milango ya kubisha ni mingi, na jua ndilo hilo linashuka."