Mvua Tuliyoiomba

"Bado safu mbili tu, mama, halafu tunawasha," alisema Bi Tofali, akiinua tofali bichi kwa viganja vyote viwili.

Mamake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana miguu haikumbeba tena. Alitazama juu. "Mwanangu, wingu hilo silipendi."

"La kupita hilo. Mvua bado mwezi mzima."

Jina la Bi Tofali alipewa na watu wa mtaani, likamkaa. Miaka ishirini alifyatua tofali za nyumba za wenzake, na yeye akalala chumba cha kupanga. Sasa mwenye nyumba alikuwa anamwoza mwanawe, chumba akakitaka mwisho wa mwezi. Basi kiangazi hiki, kwa mara ya kwanza, Bi Tofali alijifyatulia mwenyewe. Tofali elfu nne! Kuni zilikuwa tayari, tanuri lilikuwa linakaribia kwisha kupangwa. Tofali likishachomwa, mvua hailiwezi. Likiwa bichi, ah, ni tope lenye pembe.

Na kisa chenyewe ni hiki: mvua aliiomba mwenyewe. Juzi mtaa mzima ulikusanyika uwanjani kuombea mahindi yaliyopandwa mapema, yaliyokuwa yananyauka. Kiongozi wa maombi aliposema, "Ee Mungu, usikawie," Bi Tofali aliitikia amina kuwashinda wote. Tofali zake hakuzikumbuka hata kidogo. Mdomo uliozoea amina, jamani, hauulizi unaitikia nini.

Tone la kwanza lilimwangukia mkononi. La pili shingoni. Kisha ikamwagika.

Alimbeba mamake mgongoni hadi barazani, akarudi mbio na turubai. Mtaani vigelegele vilikuwa vimeshapamba moto.

"Omba ikatike!" mamake alipiga kelele.

"Nimwambie nini, mama? Juzi nimemwambia asikawie!" Akacheka. Kicheko kikamgeukia kilio, akalia kwa sauti, pua na macho. "Mungu wangu, nakuamini. Nakuamini, lakini hili linaniuma."

Turubai lilifunika upande mmoja tu, na upepo ukalifunua. Akalivuta, likafunuka tena.

Jirani yake, mwenye shamba la mahindi ng'ambo ya njia, alikuja akicheza, amelowa chapachapa. "Bi Tofali! Mungu ametusikia!" Hapo akaliona tanuri. Akaacha kucheza. Akasogea polepole. "Shoga yangu... mja hupanga, Mungu..."

"Usimalizie. Kupanga nimepanga mimi, moja moja, tangu alfajiri. Kama unataka kunisaidia, shika hapa."

Jirani akashika. Walisimama huku na huku, mikono juu, turubai limewambwa juu ya tofali zilizo katikati yao. Ng'ambo ya njia mahindi yalikuwa yanakunywa. Jirani aliyatazama mara moja, akainamisha macho kwa aibu.

Juu walizuia. Chini maji yalikuwa yanapita. Safu ya chini ililegea, ikakaa taratibu, bila kelele. Zilizokuwa juu yake zikaifuata. Wote wawili waliona.

"Umechoka?" jirani aliuliza.

"Bado. Na wewe?"

"Bado."

Tofali zilizidi kushuka, turubai likabaki limewambwa palepale, na hakuna aliyeachia.