Sanduku la Kamera

Mashine ile ilikaa stoo miezi kumi na minne, imefunikwa turubai. Siku ilipoletwa hospitalini wakubwa walikuja wakapiga nayo picha, wakala, wakaondoka. Aliyebaki kuifuta vumbi ni Tadei, na aliifuta kwa hasira. Ulikuwa mwaka wa nane tangu mkewe Salome apasuliwe tumbo, kisu kikashuka toka kifuani mpaka chini ya kitovu. Kidonda kikaoza, akazikwa Milanzi. Dawa hazikuwepo, walisema. Kwa wakubwa dawa huwa hazipo, ila semina zipo.

Tadei ni mhudumu wa chumba cha upasuaji. Aliishia darasa la nne. Anaosha vyombo, anavifunga, anavitia kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Mafunzo ya mashine mpya yalipotangazwa, jina lake halikuwemo, akanuna siku mbili. Sista Cornelia, nesi mkuu wa chumba, ndiye aliyemwambia mkufunzi kwamba huyu mzee asipojua, wengine wote wamejua bure.

Mkufunzi alikuwa Daktari Calvin, kijana kutoka pwani aliyevaa sweta mbili. Akawaeleza upasuaji wa matundu madogo. Tumbo linajazwa gesi liinuke kama hema. Yanatobolewa matundu manne, hata kubwa lao halizidi upana wa kidole gumba. Kamera inaingia, vyombo vyembamba vinaifuata, na daktari anafanya kazi akitazama televisheni. Akasema huko ng'ambo kuna roboti inayoshika vyombo, daktari kakaa pembeni anaiongoza.

"Lakini hata huko," akasema, "roboti haijioshi."

Hapo Tadei akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Akajifunza kufungua kila chombo vipande vitatu na kupitisha brashi ndani ya mrija, maana damu ikikaukia humo mvuke hauifikii. Na kamera je? Isigongwe, isikunjwe waya wake, na ikitoka kwenye mvuke isiguswe mpaka ipoe.

Mgonjwa wa kwanza akawa Monika, mdogo wake Salome, mkulima wa Mollo, mwenye vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Tadei alipopata habari alikwenda wodini kumkataza. Akamweleza kuwa wakubwa wanatafuta pa kujifunzia, na kama kawaida wamechagua tumbo la mkulima. Monika alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Umemaliza, shemeji? Maana wewe siku hizi hata mvua ikichelewa unamlaumu mganga mkuu."

"Dada yako walimuua."

"Walimkata sana. Mimi wanasema watanikata kidogo. Nina ulezi shambani haujavunwa, siwezi kulala miezi miwili. Wewe nioshee tu hivyo vyombo, mzee wa kununa."

Asubuhi ya siku yenyewe Tadei aliviosha kama anaosha mtoto. Sanduku la kamera lilipotoka kwenye mvuke lilikuwa moto vibaya, akaingiwa hofu lisije likaiunguza kamera. Akafanya wanavyofanya Wafipa wote na sufuria ya uji: akaliweka dirishani lipoe upesi, chumba cha nyuma kisichopata jua, ambako mwezi wa Julai hata mawese huganda yakawa kama mshumaa. Likakaa huko mpaka lilipoitwa.

Monika akalazwa usingizi. Tumbo likajazwa gesi, kamera ikaingia, televisheni ikaonyesha ini, kisha ikawa nyeupe. Ukungu mtupu. Calvin akaitoa kamera, akaifuta, akairudisha. Ukungu. Mara ya tatu vilevile. Dawa ya kuzuia ukungu, iliyopaswa kuja na mashine, haikuwemo. Wakubwa walitia saini ya kupokea bila kufungua maboksi. Mara ya nne Calvin akasema hawezi kumpasua mtu bila kuona ndani yake, kwa usalama wa mgonjwa watafungua tumbo kwa njia ya kawaida. Cornelia akavuta trei ya visu vikubwa.

Tadei alikuwa amesimama karibu na mlango. Ukungu ule anaujua. Kila asubuhi ya baridi akitoka nje na kuinamia sufuria inayochemka, miwani yake hufanya hivyohivyo. Kioo baridi kimeingia penye joto. Na nani alikipoza?

Angeweza kunyamaza. Dawa haikuletwa, lawama zilikwisha kupata mwenyewe, naye angewalaumu wakubwa mpaka kufa na nusu ya haki ingekuwa yake. Ila tumbo lililokuwa mezani lilikuwa la Monika, na kisu kilikuwa kilekile.

"Daktari, hiyo ni baridi."

Hakuna aliyegeuka.

"Mimi ndiye niliyeiweka dirishani. Kosa ni langu. Msimkate, ipasheni joto kwanza."

Calvin alimtazama juu ya barakoa. Kisha akauliza yatapatikana wapi maji ya moto yasiyo na vijidudu. Tadei alikwisha kuondoka. Alitumbukiza chupa za maji ya dripu kwenye ndoo ya maji moto chumba cha kuoshea, akazigeuzageuza mpaka zikapata joto la kutosha. Cornelia akapima muda, daktari akashika kamera tayari, maji yakamiminwa kwenye bakuli safi bila chupa kugusa ukingo. Kamera ikaogeshwa, ikafutwa, ikaingia.

Mfuko wa nyongo ukaonekana waziwazi, umevimba kama parachichi. Ukungu ulipotaka kurudi, kamera ikaogeshwa tena. Tadei alileta chupa safari nne. Mfuko ukatolewa kupitia tundu la kitovuni, vijiwe vyake ndani, na trei ya visu ikarudi kama ilivyokuja.

Baadaye Calvin alimfuata chumba cha kuoshea. Tadei akajiandaa kupokea barua ya onyo. Calvin akamwambia kosa ni la wawili, maana amefundisha kana kwamba yuko kwao pwani, hakuuliza baridi ya huku ikoje. Tadei hakuwahi kumsikia mkubwa akikiri kosa. Akaendelea kusugua mrija uliokwisha kutakata.

Kesho yake akamkuta Monika anatembea koridoni, kashika ukuta.

"Wamekutoboa mangapi?"

"Manne. Na usiombe kuyaona, shemeji, watu watasema umekuja kutafuta mke wodini." Akacheka, akajishika tumbo. "Usinichekeshe bwana, inauma."

"Mimi nimesema nini?"

Wakasimama. Tadei akatazama miguu ya Monika, kisha yake mwenyewe.

"Salome naye angetembea hivihivi," akasema. Miaka minane hakuwahi kulitaja jina hilo bila kumlaani mtu.

Monika akaacha ukuta, akashika mkono wake.

"Twende basi mpaka mlango wa mwisho. Polepole."