Kadi Nyeupe

"Kwa hiyo mimi nilikuwa wapi, Mchungaji?" Ndeshi aliuliza kwa mara ya tatu. "Kila Jumatano mkitoka ibadani mnakuta chai mezani. Ilijipika?"

Mchungaji Stanley, msimamizi wa ibada pale chuoni, alizipanga kadi mbili za mahudhurio ya ibada juu ya meza yake zikawa sambamba, kama mtu anayelinganisha viatu dukani. Moja ilijaa mihuri ya zambarau mpaka pembeni. Nyingine ilikuwa nyeupe, safi kama siku ilipotolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa ya Ndeshi.

Akasema hakuna anayebisha kuhusu chai. Chai ilikuwa nzuri miaka yote mitatu. Lakini kanuni ya mhitimu bora inataka maksi pamoja na mahudhurio ya ibada. Mwenye maksi za juu bila kadi atahitimu kama wengine. Skafu ya dhahabu, na ile nafasi ya ukufunzi msaidizi inayokuja nayo, zinakwenda kwa anayefuata.

"Anayefuata ni Resiato."

"Ni Resiato. Na si mimi niliyemchagua, binti. Kadi yake imemchagua."

"Resiato saa hizo alikuwa jikoni kwangu. Anakaa juu ya gunia la mchele anakula maandazi, kadi anampa binamu yake akamgongeshee mhuri mlangoni."

Mchungaji akavua miwani. Akasema hilo ni jambo zito, tena linamhusu mtoto wa mzee wa kanisa. Nani mwingine alimwona?

Mkuu wa jiko tu, na Ndeshi hakutaka kumponza. Wengine wote walikuwa ibadani.

Akamuuliza kama aliwahi kuomba ruhusa ya kutoka jikoni. Ndeshi akamjibu kwamba aliomba mwaka wa kwanza, ofisini humu humu, akaambiwa kuwa mwanafunzi anayefidia ada kwa kazi hachagui saa zake, na kwamba kuwatumikia wenzake nako ni ibada.

Mchungaji alikumbuka, uso wake ulionyesha.

"Ni ibada," akasema. "Mbele za Mungu ni ibada kabisa. Ila haina mhuri." Akamrudishia kadi yake. "Huo ni wivu, mwanangu. Usije nao kwenye mahafali Jumamosi."

Ndeshi alishuka ngazi huku manyunyu yakianza. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kwenye migomba. Wivu hakuukana, angemdanganya nani? Hakuyaonea wivu magari ya kina Resiato, wala kucha zake za saluni, wala mama anayekuja kumtembelea na keki kutoka mjini. Hayo alishayazoea. Alichoonea wivu kilikuwa chake. Resiato alipoanguka takwimu mwaka wa kwanza, ni yeye aliyemfundisha pale pale jikoni, kwa maharage mekundu na meupe juu ya meza ya kukatia vitunguu, mpaka akaelewa. Daraja la kwanza la Resiato lilipikwa kwenye jiko hilo hilo la kuni. Sasa ilikuwa kama kumwona mwanamke mwingine amevaa kitenge chako, na watu wanamwambia kimempendeza.

Na kule kijijini Kikatiti mama yake Ndeshi alishawaambia kina mama wa kwaya kwamba mtoto anabaki chuoni kufundisha. Alishashona na gauni.

Jikoni, Zamda alikuwa amekwisha kuinjika sufuria kubwa la maziwa. Zamda, mkuu wa jiko, alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Arusha mjini, na alikuwa akitania kwamba katika chuo kizima ni yeye peke yake anayekosa ibada bila kuulizwa. Leo hakutania. Alimtazama Ndeshi usoni, akampa aproni, akamwambia akoleze moto.

Kwenye rafu, chini ya pakiti ya majani ya chai, ilikuwapo fomu ya Ndeshi ya kumaliza chuo. Maktaba walishasaini, na bweni, na idara yake. Mstari mmoja tu ulibaki wazi, wa jiko. Zamda alikuwa amemwahidi kusaini leo, chai ya mwisho ikishanywewa. Bila mstari huo hakuna joho Jumamosi, na hakuna cheti.

Resiato aliingia bila kubisha hodi, kama siku zote. Skafu ilikuwa shingoni tayari, bado ina mikunjo ya mfuko wake.

"Shikamoo, mama Zamda. Shosti, hebu niangalie. Haijapinda?"

"Haijapinda," Ndeshi alisema.

Resiato alikaa juu ya gunia la mchele, akachukua andazi. Leo hatakaa sana, akasema, leo lazima aingie mwenyewe kwa sababu anatangazwa. Akatoa karatasi. Ilikuwa hotuba ya wahitimu, alitaka Ndeshi aipitie, kwa sababu Kiswahili chake kile cha kuandika wanakijua wote kilivyo. Aya moja ilimshukuru Mungu kwa ibada za Jumatano zilizomjenga.

Ndeshi aliisoma aya hiyo mara mbili.

"Usininunie, jamani," Resiato alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa wa kweli, ndiyo maana uliuma. "Kanuni sikuiandika mimi. Na nikishaanza kufundisha nitakuhitaji, wewe unajua. Kusahihisha kutanishinda. Nitamwambia baba akuombee hata kazi hapa hapa, usirudi kijijini."

"Hapa hapa wapi?"

Resiato alizungusha macho jikoni, kwenye moto, kwenye vikombe mia tatu vilivyopangwa kwenye trei. Akapangusa sukari kwenye skafu kwa ncha ya kidole.

Kengele ikalia.

Resiato aliondoka akikimbia kidogo, mkono umeshika skafu isipeperuke. Hotuba aliiacha mezani. Ndeshi alisimama na mwiko mkononi, akayatazama maziwa yakianza kutetemeka pembeni. Ibada ya mwisho ya mwaka. Kisha akauweka mwiko, akavua aproni, akaikunja vizuri.

"Unakwenda wapi?" Zamda aliuliza.

"Ibadani."

"Ndeshi. Mimi nimeitwa stoo kupokea vyombo vya mahafali. Ukitoka, maziwa yanaungua, na mimi sisaini. Siyo kwamba sitaki. Na mimi nina watu juu yangu."

"Najua, mama."

Zamda alichukua funguo za stoo akatoka kwa mlango wa nyuma, na Ndeshi akatoka kwa ule wa mbele.

Msichana wa mihuri mlangoni aliigeuza kadi nyeupe huku na huku, akitafuta mhuri wa mwisho ulipoishia. Akagonga kwenye kisanduku cha kwanza. Ndeshi akapita katikati ya viti, huku viatu vyake vya jikoni vikiacha alama za maji sakafuni, akakaa safu ya mbele, pembeni ya Resiato. Kwaya iliimba. Mchungaji Stanley alipanda kutangaza. Resiato aliposimama watu walipiga makofi, naye akainama kidogo, kwa adabu.

Makofi yalikuwa hayajaisha harufu ilipoingia madirishani, kwanza tamu, halafu chungu, halafu moshi wenyewe. Mchungaji akamtafuta Ndeshi kwa macho, akampata.

"Binti," akasema kwenye kipaza sauti, polepole, "jikoni kunaungua."

Watu mia tatu waligeuza shingo. Hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wanamsubiri yeye.

Ndeshi aliilaza kadi gotini na kuupuliza ule mhuri mmoja ukauke.